Shahidi wa Pili

Majirani walimwita mzee Nukta kwa sababu ya kazi yake. Miaka thelathini na miwili alikaa kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji akisahihisha maandishi ya watu wengine: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya vifo. Ukimpelekea kadi ya mwaliko alitoa kwanza kalamu nyekundu mfukoni, akaitia alama mbili tatu, ndipo akauliza harusi ni lini. Mtaani walitania kwamba hata siku akisomewa hukumu ya kunyongwa, atauliza mbona mkato umekaa vibaya.

Alifariki Alhamisi moja asubuhi, baada ya kulala na kiharusi miaka saba. Aliyekuwa naye chumbani ni binti yake wa katikati, mshona mapazia, ambaye mtaani naye hakuwa na jina jingine ila Pazia. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wiki ile baba yake alipoanguka alirudi nyumbani akidhani atakaa mwezi. Akaleta cherehani. Kisha akamwita seremala, akamtengenezea meza ya kukatia vitambaa mle mle sebuleni, pana na ndefu, kwa sababu mapazia ya hoteli na ya hospitali hayakatwi magotini. Tangu hapo alishona sikio moja likiwa chumba cha pili, alikolala mzee. Alimgeuza mzee kila baada ya saa chache asipate vidonda, alimlisha, alimwogesha, alimnyoa ndevu. Aliyekuwa akimchumbia alivumilia miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine.

Siku ya mazishi hakutoa chozi. Alilia wiki ya pili, dukani, alipofika kwa mwenye duka na kugundua mkononi ameshika nepi za watu wazima.

Mirathi aliianza mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na wa kuianza. Kwanza alipata cheti cha kifo, na hilo halikumsumbua, ni foleni tu na maswali ya kujibu. Halafu alifungua droo ya chini ya kabati la mzee, akatoa bahasha yenye wosia, akapanda ngazi hadi masjala ya mahakama, ghorofa ya pili, chumba kilichojaa majalada mpaka juu ya dirisha. Karani aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Aliusoma wosia polepole, kidole kikifuata mstari. Ulikuwa ukurasa mmoja.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Wa marehemu?"

"Wangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Alitamka, nikaandika. Saini ndiyo yake, aliweka kwa mkono wa kushoto."

"Na huyu shahidi wa kwanza?"

"Jirani yetu, mwenye duka la dawa."

"Shahidi wa pili?"

"Ni mimi."

Kidole cha karani kilipanda juu ya ukurasa. "Na huyu anayeachiwa nyumba?"

"Mimi pia."

Karani akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. "Dada yangu," alisema, "nani alikwambia utie saini hapa?"

Pazia akamweleza. Shahidi wa pili alikuwa awe rafiki wa mzee wa kule kiwandani. Siku ile ilinyesha, yule rafiki akapiga simu kwamba ana homa. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshafika, amekaa, anatazama saa. Mzee hakupenda jambo libaki nusu. Akamwambia binti yake, "Weka wewe. Saini ni saini." Akaweka.

"Sasa sikiliza," karani alisema. Hakuwa na haraka, ingawa nyuma ya Pazia watu walikuwa wanakohoa. "Shahidi hatakiwi kufaidika na kile anachokishuhudia. Wosia wenyewe haujafa. Kilichokufa ni kile ulichopewa wewe. Nyumba inahesabika kama vile marehemu hakuisemea chochote, na mali isiyosemewa hugawanywa kwa watoto wote sawasawa. Mko wangapi?"

"Watatu," Pazia alijibu.

Karani aliangalia tena karatasi. "Hapa naona wawili."

Wosia ulisema hivi: nyumba kwa binti wa katikati, "aliyenilea kama nilivyomlea". Akiba ya benki na vitabu vyote kwa binti wa mwisho. Basi. Mtoto wa kwanza, wa kiume, fundi wa friji na viyoyozi, hakutajwa popote, si kwa wema wala kwa ubaya. Na Nukta hakuwa mtu wa kuruka neno kwa bahati mbaya.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka tisa nyuma. Mama yao alipelekwa hospitali tumbo likimuuma, mzee yuko kazini, simu ya kiwandani haipokelewi. Daktari alitaka mtu wa familia atie saini mama apasuliwe, tena ndani ya nusu saa. Kaka ndiye aliyekuwepo. Akatia saini. Mama hakuamka. Mzee alipofika, jasho linamtoka, alimwambia mwanawe neno moja mbele ya wauguzi: "Ungeningoja." Baada ya hapo hakumwambia tena neno, hata alipopata kiharusi na ulimi wake ukarudi vizuri kuliko mguu.

Kaka hakukata mguu. Alikuja kila mwezi, akagonga geti, ana papai au maziwa mkononi. Pazia alitoka kumpokea, akamwambia, "Baba amelala." Ndivyo alivyoagizwa. Kaka aliuliza hali, akakabidhi mfuko, akaondoka. Miaka saba, kila alipokuja, baba amelala. Wote wawili walijua, na hakuna aliyelisema.

"Lakini bado wewe ndiye uliyetajwa kuwa msimamizi," karani aliendelea. "Hiyo haikuondoki. Ukithibitishwa utaapa. Utakusanya mali, utaleta orodha mahakamani, utalipa anayemdai marehemu, utagawa, utarudi kutuambia umegawaje, nasi tufunge jalada. Wengi wanakuja hapa wanadhani msimamizi ndiye mwenye mali. Siyo. Msimamizi ni mtumwa wa marehemu."

"Kwa hiyo niliyeachiwa nyumba ndiye nitakayeiuza."

"Kama hamtaelewana. Wenzako wakiridhia kwa maandishi kukuachia sehemu zao, nyumba inabaki kwako na hakuna wa kukugusa. Ila kila mtu huachia ya kwake. Huwezi kuachiwa na mmoja kwa niaba ya mwingine." Akamrudishia bahasha. "Leo umeniuliza tu. Nenda mkazungumze nyumbani kwanza."

Mwenye duka la dawa alikuwa akimsubiri, hata hakukaa. Mtaa mzima ulimwita Daktari, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Aliposikia habari akapiga paja lake.

"Kosa la kijinga namna hii lituharibie kazi? Pazia, hebu tutumie akili. Karatasi umeshaipeleka?"

"Nimeionyesha tu."

"Haijagongwa muhuri?"

"Bado."

"Basi andika nyingine. Maneno yale yale, tarehe ile ile. Mimi natia saini yangu, mke wangu anatia pale ulipotia wewe. Saini ya mzee si ulikuwa unaiweka mwenyewe kwenye fomu za pensheni? Alikuwa anataka nyumba iwe yako. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Hatumwibii mtu, tunanyoosha kilichopinda."

Alisema kweli kuhusu saini. Mwaka wa mwisho mkono wa kushoto nao ulikuwa unatetemeka, na Pazia ndiye aliyezijaza fomu zote. Herufi ya kwanza kama ndoano, kisha mstari unaopanda, kisha mkia.

Siku iliyofuata, mchana, alifunga mlango wa mbele, akaondoa kitambaa cha pazia la hospitali mezani, akatandaza karatasi mbili: ya zamani na nyeupe. Akaanza kunakili. Mwandiko ulikuwa wake, hivyo haikuwa kazi. Akaandika tarehe. Akaandika "mimi, mwenye akili timamu". Akafika kwenye nyumba. Akafika kwenye akiba na vitabu. Kalamu ikasimama mwisho wa mstari.

Siku ya kwanza alipofika hapo alikuwa amemtazama baba yake akisubiri sentensi nyingine, na mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani, akasema, "Andika mahali na tarehe." Yeye akaandika, akajiambia kwamba haya ni ya baba. Safari hii kitandani hakukuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa anatamka. Aliyekuwa anamruka kaka yake ni yeye peke yake, kwa mkono wake, saa saba mchana, na chai imepoa pembeni.

Kisha akamalizia ukurasa, akaweka hata saini ya mzee kuona itakuwaje. Ilitoka vizuri mno, kuliko ya kweli. Akaichana ile karatasi vipande, akavipeleka jikoni akavichoma, akafungua mlango wa mbele.

Asubuhi aliwasilisha wosia ule wa kweli. Karani aliugonga muhuri, akamtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Tangazo likabandikwa ubaoni mahakamani na jingine likatoka gazetini: mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku zilizowekwa. Pazia alilisoma gazetini akaona wamekosea herufi moja ya jina la ukoo. Alimhurumia mhariri, kisha akakumbuka kwamba mtu ambaye angekasirika hayupo tena.

Hakuna aliyeweka pingamizi. Akaapa, akapewa hati ya usimamizi, akawaita ndugu zake.

Walikaa kuzunguka meza ya kukatia, kwa kuwa meza nyingine haikuwepo. Mdogo wao wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesafiri siku nzima, na alikuwa akilia kila alipotazama mlango wa chumba cha pili. Kaka alikuja na nguo za kazi, mikono inanuka gesi ya friji. Alikuwa na miaka arobaini na sita na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Hakuwa ameingia ndani ya nyumba hiyo tangu msiba wa mama. Hata huu msiba wa juzi alikaa nje na wanaume.

Pazia aliwasomea wosia. Alipomaliza, Kaka akanyoosha mkono.

"Hebu."

Aliusoma mwenyewe. Akaugeuza nyuma kuona kama kuna maandishi. Akausoma tena.

"Kumbe nilikufa kabla yake," alisema.

"Kaka, usiseme hivyo," mdogo wao alisema.

"Niseme vipi?"

Pazia akawaeleza yote aliyoelezwa masjala: shahidi, sehemu iliyobatilika, nyumba kugawanywa mara tatu, na njia ya kuridhia. Fomu mbili zilikuwa mezani. Mdogo wao hakungoja amalize. Alichukua kalamu, akatia saini, akasema, "Mimi nilitumiwa picha tu za baba kwenye simu. Dada ndiye aliyemwosha. Nyumba ni yake, sioni cha kujadili."

Fomu ya pili ilibaki mbele ya Kaka. Hakuigusa.

"Mimi najua ulichofanya humu," alimwambia Pazia. "Nakubali kabisa. Ningekuwa mimi, nisingeweza hata mwaka. Lakini mara ya mwisho kutia saini karatasi ya familia hii, nilizika mama na baba kwa siku moja. Siwezi tena."

"Hii si kama ile, Kaka."

"Najua si kama ile. Mkono hauendi." Akatazama kuta, dari, kitasa cha mlango. "Na nikuambie lingine, usinichukie. Yeye alinitoa. Sheria imenirudisha. Hapa ndipo mahali pekee palipoandikwa kwamba na mimi ni mtoto wake, sawa na ninyi. Ukitaka niachie hapo, unataka niseme na mimi kwamba siyo."

"Sitaki useme hivyo."

"Basi niache nichukue theluthi yangu. Ningeichukua hata kama ingekuwa tofali moja."

Wakati huo Pazia alikuwa na neno kooni. Lilikuwa neno la Jumanne, siku mbili kabla ya kifo. Alijua kwamba akilitoa, Kaka hatatia saini kamwe, na bado alikuwa na tumaini dogo kwamba atarudi nyumbani, atafikiri, atabadilika. Akalimeza.

Kaka hakubadilika. Mbele ya hakimu alijibu maswali kwa sauti ya chini: ndiyo ni mtoto wa marehemu, ndiyo ameelewa, hapana, haridhii. Hakimu alimuuliza Pazia kama ana la kusema kuhusu saini yake ya ushahidi. Alisema ni yake, na kwamba hakujua. Hakimu akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima dirisha.

Sehemu ya mdogo wao iliingia kwa Pazia, lakini ya Kaka ilibaki ya Kaka, na Pazia hakuwa na cha kumpa badala yake. Alikuwa ametumia miaka saba, si pesa. Nyumba ya vyumba vitatu haigawanyiki kwa msumeno. Ikabidi iuzwe. Msimamizi alitafuta mthamini, akatafuta mnunuzi, akawaonyesha watu vyumba akiwaambia wapi panavuja na wapi maji hayana nguvu, kwa kuwa alikuwa ameapa kusema kweli na hakujua kiapo kinaishia wapi. Aliyeinunua alikuwa muuza vipuri vya magari aliyesema atavunja ukuta wa chumba cha pili apate sehemu ya stoo. Aliwapa hadi mwisho wa mwezi kuhama.

Meza ya kukatia haikutoka. Seremala aliijenga ndani, na mlango haukuwa mpana. Kaka alikuja Jumamosi asubuhi bila kuitwa, ana sanduku la vifaa. Alizunguka meza mara mbili, akapima kwa kamba.

"Tukiitoa miguu bado haipiti," alisema. "Lazima ikatwe katikati. Kule unakokwenda nitaiunga kwa vyuma. Haitakuwa kama hii, ila itasimama."

"Ikate."

Alianza kukata. Vumbi la mbao likaangukia sakafu ambayo miaka saba ilikuwa inaangukiwa na nyuzi. Pazia alishika upande wake usiyumbe. Walipofika katikati, Kaka alipumzika, akajifuta usoni kwa bega, na ndipo Pazia akasema. Hakukuwa tena na kitu cha kupata wala cha kupoteza.

"Kaka, kuna jambo sikukwambia. Baba alikuuliza."

Msumeno ulibaki ndani ya mbao. "Lini?"

"Siku mbili kabla. Jumanne. Nilikuwa nambadilisha shuka."

"Alisemaje? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Mwite kaka yako.'"

"Hakunitaja jina."

"Hakutaja. Alisema kaka yako."

"Halafu?"

"Nikamwambia kesho. Nilikuwa na mapazia ya kupeleka jioni ile, mgongo unaniuma, nikaona siku moja si kitu. Nikaona pia..." Akajilazimisha. "Nikaona ukija mtalia, mtapatana, na wosia utaandikwa upya. Lilinipitia. Halikukaa, lakini lilinipitia. Jumatano akawa hawezi kuongea. Nikasema sasa nikuite uje kufanya nini. Alhamisi akaondoka."

Kaka hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa afadhali. Aliuchomoa msumeno polepole, akauweka juu ya meza, akaulinganisha na ukingo kama mtu anayepanga vifaa.

"Jumanne ile," alisema, "sikuwa na kazi. Nilikuwa nyumbani kutwa nzima. Nilifua hata viatu."

"Nisamehe."

Kaka aligeuka. Aliingia chumba cha pili, ambacho sasa hakikuwa na kitu ila alama nne za miguu ya kitanda sakafuni. Alikaa humo muda mrefu. Pazia alimsikia akitembea, akisimama, akitembea. Hakumfuata. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alishika msumeno, akamaliza kuikata meza, wakaitoa nje vipande viwili, wakaipakia. Kule kwenye chumba kipya, nyuma ya duka la vitambaa, aliiunga kwa vyuma kama alivyoahidi, akakaza kila bolti, akaijaribu kwa kuilalia kwa uzito wake wote. Kisha akafunga sanduku lake.

"Itasimama," alisema, akaondoka.

Ni miezi minane sasa. Hajarudi. Mdogo wao huwapigia simu wote wawili, akampa huyu habari za yule: Kaka anakohoa, Dada amepata kazi ya hoteli mpya. Theluthi yake Kaka aliipokea benki na stakabadhi akamtuma mtu ailete, kwa hiyo siku ya kufunga jalada Pazia alipanda ngazi za mahakama peke yake. Karani alihesabu karatasi: orodha, mauzo, mgawanyo, stakabadhi tatu. Alikuwa na miwani mipya.

"Hakuna kilichopungua," alisema. "Tangu nimekaa hapa sijaona wengi wanaomaliza hivi. Wengi hutuachia jalada wazi mpaka nao wanakufa. Pole, na hongera."

Pazia alimshukuru, akauliza kama kuna mahali pengine pa kutia saini.

"Hapana. Umemaliza."

Alishuka ngazi, akasimama kwenye kivuli cha jengo, akatoa simu, akatafuta namba ya kaka yake, akaitazama. Hakupiga. Mapazia ya hoteli yalitakiwa Ijumaa, na alikuwa bado hajakata hata moja.